Ukuta Ambao Haukuanguka

Watu wakiwa na kesi huletwa kwangu, sijui kwa nini. Jirani kajenga choo kikaingia kiwanja cha mwenzake, gari limekwangua gari, mpangaji kahama na kitasa cha mlango, basi huambiwa, "Nenda kwa yule bibi, yeye aliwahi kwenda korti." Niliwahi, ndiyo. Nilikwenda kuidai haki ya mama yangu, nikarudi mkono mtupu, na uchovu wa siku ile haujanitoka mpaka leo. Lakini wakija siwafukuzi. Nawaambia neno moja tu: kitu kikiharibiwa na mtu, kisiguswe mpaka wanaohusika wamekiona. Kisha nawapa chai, wanakwenda zao wakidhani bibi kazeeka, hana la maana tena.

Neno hilo sikulisoma mahali. Nilifundishwa na mpangaji wetu, na nilimwelewa baada ya kuchelewa.

Nyumba ilikuwa Pumwani, ya mama yangu, miaka ile ya ukoloni, ya pasi za kutembelea na kafyu. Ilikuwa nyumba ya fito na udongo, paa la madebe yaliyopasuliwa na kupakwa lami, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na uani jiko na choo. Mama aliijenga na wenzake wa chama chao cha ngoma. Wale wanawake walijengeana. Leo nyumba ya fulani, mwezi ujao ya fulani, wanakanyaga udongo huku wanaimba, wanatukanana kwa utani mpaka machozi. Na hata baada ya nyumba zote kusimama hawakuacha. Ya mmoja ikipata ufa, habari inazunguka, na kabla ya jua kuzama wote wako hapo na mikono ya udongo. Hawaalikwi. Ukiwaalika wanakasirika, kana kwamba umewafanya wageni.

Sasa hapo lazima nieleze, maana vijana wa leo wakisikia mtu ana nyumba wanadhani ana kila kitu. Nyumba ilikuwa ya mama. Ardhi ilikuwa ya mji. Mama alikuwa na ruhusa ya kukaa, ya kupangisha, ya kuziba nyufa na kupaka chokaa. Kujenga upya, hapana. Ukuta ukianguka, uombe kibali, na sisi wote tulijua kwamba kibali cha kuinua ukuta wa udongo hakitoki. Bwana afya, mkaguzi wa mji, alikuwa akipita na kopo la rangi. Akikuta nyumba imeegemea upande, au akikuta ukuta mzima umejengwa upya bila kibali, anachora alama yake mlangoni. Ukishaiona ile alama, funga virago, kwa sababu ruhusa yako imekwisha na nyumba inakuja kubomolewa.

Mama hakuwa mtu wa kufunga virago. Miguu ilikuwa imemvimba, hatoki kitandani ila kwa kushikwa, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa. Alikuwa akiniambia, "Mimi hapa nitatoka ndani ya jeneza, na kwa mlango wangu mwenyewe. Siku wakinitoa juu ya mkokoteni na magodoro, sitawasamehe wao, na wewe ndiyo kabisa." Nilikuwa mwanawe pekee aliyebaki, nimeachwa na waume wawili, na nilirudi kwake kila mara kwa sababu mlango ule haukuwahi kufungwa mbele yangu. Basi kazi yangu duniani ikawa hiyo: mama asitolewe nje ya nyumba yake akiwa hai. Sikuona kama ni kazi ngumu. Niliona ni ya kungoja tu.

Vyumba viwili vilikuwa vitupu, wapangaji wake walichukuliwa kwenye msako na hawakurudi. Chumba cha mbele, pale pembeni mwa barabara, alikaa mtu wa reli na mkewe, Wakristo kutoka magharibi, watu wa taratibu. Sisi tulimwita Bwana Reli. Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha ili apate mwanga, na nusu ya magauni ya mtaa yalitoka pale. Mama alimpenda kwa sababu alikuwa mcheshi, na kwa sababu alimshonea mito ya kuwekea miguu bila kuombwa.

Usiku mmoja mvua ilinyesha. Asubuhi lori la makaa likaja, likawa linarudi nyuma ili lishushe magunia kwa jirani. Mke wa Bwana Reli alikuwa ameenda bombani, mumewe yuko uani anapiga mswaki baada ya zamu ya usiku. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia watu barabarani wakipiga kelele, "Simama! Simama!" halafu nyumba nzima ikatetemeka, mavumbi ya dari yakaingia kwenye uji. Nilipofika ukumbini niliona mchana mahali ambapo hapakuwa na mchana. Ukuta wa pembeni ulikuwa chini, dirisha lake limelala juu ya kitanda, na matako ya lori yako ndani ya chumba cha watu. Cherehani ilikuwa chini ya udongo, na gurudumu lake limepinda.

Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Mwenye lori alikuwa amekaa kando ya dereva wake. Alishuka mikono kichwani. Alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe, wa msikiti wetu, anayeuza makaa na kuni, na watu wakimheshimu kwa sababu alikuwa Mwafrika mwenye lori lake mwenyewe siku zile.

"Astaghafirullah! Bi mkubwa yuko salama?"

Akaingia mpaka kwa mama, akapiga goti. "Mama, nisamehe. Ukuta nitaujenga mimi. Kesho asubuhi fundi wangu yuko hapa, na cherehani ya huyu dada nitaishughulikia. Usiwe na wasiwasi hata kidogo."

Mama akamwambia ajali haina mwenyewe, akamwombea dua. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, wote wamesikia. Mimi roho ikatulia. Nikafikiri, mzigo ni wake na ameubeba, sasa kimebaki nini?

Bwana Reli akauliza, "Na polisi, mzee? Gari likigonga, dereva anatakiwa apige ripoti."

"Polisi wa nini baina yetu?" mzee wa makaa akasema, hata hakukasirika. "Sisi hapa si ndugu?"

Akapanda lori lake, akaondoka. Bwana Reli akanivuta kando. Alikuwa bado na mswaki mkononi.

"Mama mwenye nyumba," akaniambia, "huyu mzee ni mzuri leo. Kesho simjui. Twende kituoni sasa hivi mimi na wewe, askari aje aone kwa macho yake na apime. Na mpaka aje, mtu asiguse hata bonge la udongo. Huu ukuta ulivyolala hivi ndio shahidi wetu."

Nilimwona ana maneno mengi, lakini chumba ni chake na cherehani ni ya mkewe. Nikaenda kwa mama nikamwambia, "Mama, mimi naenda kituoni na Bwana Reli. Tafadhali, mtu asiguse kitu huko mbele."

Mama alikuwa anatazama mlango wa chumba chake. Kupitia mlango ule uliona ukumbi, na kupitia ukumbi na kile chumba kilichobomoka uliona barabara. "Haya," akasema. Alisema haya, na mimi nikaondoka. Miaka yote ile kukaa naye na bado sikujua haya yake ilikuwa na maana ngapi.

Kituoni tuliwekwa kwenye benchi. Askari wa mezani akauliza, "Nani ameumia?" Hakuna. "Nani amekufa?" Hakuna. "Sasa mnataka nini?" Tukaeleza. Akatwambia tungoje. Tukangoja mpaka tumbo likaanza kusema lenyewe. Watu waliletwa kwa ajili ya pasi, wengine wakaachwa, wengine hawakuachwa, na sisi na ukuta wetu tukawa tunasogezwa tu kwenye benchi. Alasiri askari mmoja akapewa kazi ya kutufuata. Akaja anasukuma baiskeli, kwa sababu pancha ilikuwa haijazibwa, na njia nzima akilaumu pancha.

Tulipokunja kona nikasikia ngoma, vigelegele na mtu anagonga debe. Bwana Reli akasimama. "Kuna harusi?" akauliza.

Hakukuwa na harusi. Wanawake wa chama cha mama walikuwa wamejaa mbele ya nyumba, kanga zimefungwa viunoni, udongo mpaka magotini. Ukuta ulikuwa umesimama. Nguzo mpya, fito mpya, udongo umekandikwa ukalainishwa kwa viganja. Na kwa kuwa kiraka kipya kingeonekana vibaya kando ya ukuta wa zamani, walikuwa wamepaka chokaa mbele yote ya nyumba, kutoka pembe hadi pembe. Inang'aa! Hata siku ya Idi haikuwahi kung'aa vile. Kifusi chote walikuwa wamekikanyaga upya kuwa udongo wa kukandikia. Ukuta wa zamani ulikuwa ndani ya ukuta mpya.

Askari akaegemeza baiskeli kwenye nguzo ya taa, akasogea, akagusa, kidole kikatoka cheupe.

"Lori liligonga wapi?"

"Hapa," nikasema.

"Hapa?"

"Hapo hapo, afande."

Alicheka mpaka akavua kofia. "Mama, sasa mimi nitaandika nini? Kwamba lori limegonga nyumba ikawa nzuri?" Akachukua baiskeli yake akaenda. Bwana Reli hakucheka. Alikuwa amesimama na viatu vyake vya kazini kwenye tope, anatazama tu.

Yule mkubwa wao, aliyekuwa kiongozi wa ngoma, akanijia na mikono ya chokaa. "Mbona umenuna, mwana wa shoga yangu? Hata ahsante huna? Tumeacha vyungu motoni huko!"

Nikasema ahsante. Ningesema nini? Nikaingia kwa mama na hasira zangu.

Alikuwa amekogeshwa, amevishwa kanga safi, ananukia udi. "Mwanangu," akasema, "nyumba imesitirika."

"Mama, nilikwambia mtu asiguse!"

"Uliniambia."

"Sasa?"

"Sasa wanaume wanapita barabarani wananiona nilivyolala, miguu yangu hii nje, na mimi siwezi hata kujigeuza ukutani. Wewe ungewaambia nini? Wafumbe macho mpaka polisi waje?" Akavuta pumzi. "Mimi nilipata aibu, mwanangu. Nikamtuma mtoto wa jirani aende akawaite wenzangu."

Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama, nikamkasirikia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na nakuambia kweli, hakuna kinachochosha kama hicho. Ukimkasirikia mtu tu unapumzika.

Kesho yake fundi hakuja. Mzee wa makaa alipita mwenyewe, akasimama barabarani, akautazama ukuta kwa muda. "Mashaallah," akasema. "Kumbe hayakuwa makubwa." Akaenda zake. Nilimfuata kwenye banda lake la makaa, nikamwamkia kwa adabu, nikamkumbusha aliyoyasema mbele ya mama. Alinikaribisha kiti.

"Nijenge nini, binti yangu? Nyumba yenu sasa nzuri kuliko yangu."

"Na cherehani, mzee?"

"Cherehani ya mpangaji ni mambo ya mpangaji na mwenye nyumba wake. Wewe hukumpangisha chumba kizima?" Alisema kwa upole ule ule wa siku ya kwanza. Ndio ulioniudhi zaidi. Angenifokea ningejua la kufanya.

Bwana Reli akasema twende korti, tudai pamoja, mimi ukuta na yeye cherehani. Mkewe wakati huo alikuwa anashona kwa mkono, amekaa kizingitini, gauni moja linamchukua siku ambazo zamani angemaliza rundo. Hamlaumu mtu, anapitisha sindano tu, na kila nikipita pale namwambia pole. Nilichoka kusema pole. Basi nikakubali, tukaenda korti ya Waafrika tukafungua kesi, tukapangiwa siku.

Wanawake wa chama waliposikia wanatakiwa kutoa ushahidi, furaha yao haikuwa na mfano. Kila jioni walikuwa uani kwetu, wakijizoeza. "Mimi nitasema tulivyong'oa zile nguzo zilizovunjika!" "Mimi nitasema tuliinua kutoka chini kabisa, hapakubaki hata kiganja cha ukuta wa kwanza!" Wakiapa kwamba korti itatetemeka. Mama akiwasikiliza kutoka kitandani anacheka, na mimi nacheka nao.

Kisha akaja bwana afya. Alikuwa kijana, mpole, kofia mkononi, anapiga hodi kama watu. Akapita mbele ya nyumba, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Mama, mmejenga?"

"Tumepaka chokaa, bwana."

"Chokaa si kosa," akasema. "Kuziba ufa si kosa. Ukuta mpya ndio kosa, na wewe unajua. Mimi siwezi kusema ni mpya kwa kuugonga tu. Lakini nasikia kuna kesi, na mashahidi wapo. Siku hiyo nitakuja kusikiliza."

Sikumuuliza nani kamwambia. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi, nikakaa kwenye baraza. Ndipo nilipoiona kesi yangu ilivyo. Ili nimshinde mzee wa makaa, lazima nithibitishe kwamba ukuta ulianguka wote na ukajengwa wote. Na nikishathibitisha hivyo, nimemkabidhi bwana afya nyumba ya mama. Mashahidi wangu mwenyewe, kwa mapenzi yao yote, ndio watakaomfungulia kopo la rangi. Mzee wa makaa hakuwa na haja ya kusema uongo hata mmoja. Alitakiwa aniache niseme kweli.

Nilitaka kumwambia Bwana Reli. Kila alipotoka zamu nilimwandalia maneno, na kila mara alinitangulia: "Siku inakaribia, mama mwenye nyumba. Haki itatoka." Nikaitikia inshaallah. Usingizi sikuupata tena mpaka siku yenyewe.

Korti ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi. Wazee wa korti wamekaa mbele, mezani msahafu umefungwa kitambaa cha kijani, na kando yake Biblia. Wanawake wa chama walijaza mabenchi mawili, wamevaa buibui za sikukuu, hina mikononi. Mzee wa makaa alikuwa upande wa pili, peke yake, tasbihi mkononi. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, bwana afya, kofia juu ya goti.

Nikaitwa. Nikaeleza kwamba mwenye nyumba ni mama, mgonjwa, na mimi nimesimama kwa niaba yake. Mzee mkubwa wa korti, mtu mwenye sauti ya usingizi, akauliza nadai nini. Nikasema lori la huyu mzee liliharibu nyumba na cherehani. Akamgeukia mzee wa makaa: una jibu gani?

"Mimi, mheshimiwa, sikatai na sikubali," akasema. "Nina swali tu. Ukuta ulianguka? Kama ulianguka, huu uliopo ni upi?"

Mzee wa korti akanitazama. "Swali lake ni la haki. Utaapa kwanza, halafu utatujibu. Ukuta ulianguka au haukuanguka?"

Msahafu ukasogezwa mbele yangu.

Mimi si mcha Mungu wa kupigiwa mfano. Lakini mkono wangu juu ya msahafu kwa uongo, ng'o, mama yangu hakunizaa hivyo. Na kweli pia sikuweza kuitoa, kwa sababu aliyekuwa akiingoja alikuwa amekaa nyuma kule, kofia gotini. Niliwatazama wale wanawake. Walikuwa wananitikisia vichwa, midomo yao inanihimiza, sema, sema! Nilimtazama Bwana Reli. Nikaweka mikono yangu ndani ya buibui.

"Mzee," nikasema, "kesi naiondoa."

Mabenchi yakaguna. "Umeridhika?" akaniuliza.

"Nimechoka."

Akaandika. Kisha akamwita Bwana Reli: wewe una dai lako la cherehani, unaendelea? Bwana Reli akasimama. Alikuwa na haki yote ya kuendelea. Angeweza kuapa kwa Biblia yake, akasema aliyoyaona, na kila neno lingekuwa kweli. Alinitazama, halafu akageuza kichwa taratibu mpaka nyuma, akamwona bwana afya. Nikaona amefahamu. Sikuwa nimemwambia neno hata moja, na akafahamu.

"Kama mwenye nyumba hana neno," akasema, "mpangaji atakuwa na neno gani?"

Akakaa. Kwa lile ninamkumbuka katika dua zangu, Mkristo yule, mpaka leo.

Wanawake wa chama walininunia wiki nzima. "Tumepaka hina bure!" yule kiongozi akanifokea njiani. "Tumekaa kama mizigo!" Sikuwaeleza. Mmoja angemwambia mwenzake bombani, na bombani kila mtu ana masikio. Nyumbani mama akauliza, "Mmeshinda?"

"Yameisha, mama."

"Si nilikwambia? Jambo likishasitirika, watu hunyamaza." Akafumba macho kwa raha zake. Mimi nikaenda jikoni nikalia kwa hasira, sufuria ikaungua.

Mwisho wa mwezi Bwana Reli na mkewe wakahamia Makongeni, kwenye nyumba za reli. Niliwaomba wakae. Mkewe akaniambia, "Ahsante mama, tumepata huko," akamwachia mama mto mwingine wa miguu. Aliubeba mwenyewe mpaka kitandani, akaupanga vizuri. Mimi nilisimama mlangoni nikashindwa kumtazama usoni.

Mama aliishi mpaka mvua za mwaka uliofuata. Akafa alfajiri, kitandani kwake, na akatoka kwa mlango wake mwenyewe, ndani ya jeneza, mabegani mwa wanaume wa mtaa. Nilisimama ukumbini nikatazama, nikasema moyoni, mama, nimekutoa ulivyotaka. Nilijisikia fahari kidogo, na mtupu sana.

Siku ya khitma watu walikuwa wengi, vyungu viko uani, na kuni zikapungua. Mzee wa makaa aliposikia akasema kuni zote za msiba ni zake, na akaja nazo mwenyewe. Sikuwa na nguvu za kukataa. Lori lile lile. Usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha, barabara inateleza, na dereva, ambaye alikuwa mgeni, akaanza kurudi nyuma kuelekea pembe ya nyumba.

Hakuna aliyepanga. Wanawake wote waliokuwa barazani waliruka kwa pamoja wakapiga kelele, "Ukuta! Ukuta!" Na mzee wa makaa, uzee wake wote ule, alishuka kabla lori halijasimama, kofia ikamdondoka, akakimbia nyuma akalipiga bodi kwa viganja viwili.

"Simama, wewe! Simama! Unataka kuuangusha tena?"

Lori likasimama. Wanawake walisimama na mbuzi zao za kukunia nazi mikononi wananitazama. Bwana Reli na mkewe walikuwa wamekuja kutoa rambirambi, na walikuwa pale barazani, wamesikia kama wote. Mzee wa makaa mwenyewe alikuwa amesikia. Akageuka, akanitazama, midomo inacheza, ndevu zina tope. Nadhani angekiri siku ile. Nadhani alikuwa anatafuta pa kuanzia.

Mashahidi wote walikuwepo. Kilichokosekana ni korti. Na nyumba sasa ilikuwa yangu, ruhusa ni ile ile ya kuziba ufa na kupaka chokaa, na bwana afya bado akipita na kopo lake.

"Ukuta gani, mzee?" nikasema, kwa sauti, wote wasikie. "Hapa hapajaanguka ukuta. Shusheni kuni, wageni wana njaa."

Bwana Reli akavua koti lake, akampa mkewe, akaenda kushusha kuni.